Matanga ya Jumba la Fernwold

Siku ya mwisho ya Jumba la Fernwold, jumba la maduka la mji, watu walikuja na maua. Maua ya kweli, ya kununua, yamefungwa karatasi za kung'aa. Wakayalaza penye mlango wa mashariki, juu ya theluji iliyochafuka kwa nyayo na chumvi ya barabarani, na mwingine akaweka na dubu wa manyoya, utadhani mle ndani kuna mtoto amefariki. Bernadine Kuchar aliyapita akiwa amemshika mumewe kiwiko, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama yangu mzazi hakupata maua mengi hivi."

"Mama yako alikuwa na ulimi kama wako," mumewe akamjibu.

Delmar Kuchar alikuwa na haki ya kusema atakalo, maana ndicho kiungo pekee kilichobaki kumtii, huo ulimi. Miaka yake yote aliunda majokofu katika kiwanda cha pale mjini, mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa, na hakuna aliyekipelekea maua. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Akili nzima, utani mzima, ila miguu ilikuwa na mambo yake. Alikuwa akienda vizuri tu, halafu ghafla nyayo zinanata sakafuni. Hapo ukimvuta, ataanguka. Ukimkemea, atazidi kunata.

Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia jambo ambalo Bernadine alidhani ni mzaha. Mtu wa namna hii, ukimchorea mstari mbele ya mguu, mguu unapata akili, unauruka. Ukimchorea mwingine, anauruka na huo. Na sakafu ya Fernwold, jamani, ilikuwa yote nyeupe, imekatizwa na vigae vyeusi vyembamba kutoka duka la huku hadi duka la kule, kila hatua moja mstari, jumba zima. Aliyeipanga zamani alitaka urembo tu. Kumbe alimpangia Delmar. Nyumbani Delmar alinata baina ya kitanda na choo, lakini ukimtia Fernwold alikwenda kama mtu anayewahi mshahara.

Ndiyo maana kila asubuhi, maduka hayajafunguliwa, Kuchar na mkewe walikuwa mle ndani na viatu vyao vyeupe vya mazoezi, pamoja na wazee wengine wa mji, wakizunguka. Ilikuwa desturi ya miaka. Walinzi waliwafungulia mapema, wazee wakapiga mizunguko yao kwenye joto, wakasalimiana, wakasengenyana, wakanywa kahawa, wakarudi makwao. Nje ni Ohio, ni barafu, ukianguka nyonga imekwenda. Na daktari alikuwa ameshasema wazi: siku Delmar atakapoacha kutembea ndiyo siku ataanza safari ya kwenda nyumba ya kutunzia wazee. Bernadine alimwambia daktari kwamba hilo litafanyika akiwa yeye keshakufa na kuzikwa.

Basi wengine waache walie. Bernadine alikuwa na swali moja tu, nalo lilimkosesha hamu ya kula: Jumatatu Delmar atatembea wapi? Alikwenda kanisani, akaambiwa ukumbi haupashwi joto siku za kazi, na sakafu yake ni zulia tupu. Alimpeleka kwenye duka kubwa la vyakula. Delmar akanata mbele ya mayai, na watu wenye vitoroli wakasimama nyuma yake wanaguna mpaka mama wa watu akatamani kuyapiga mayai yote teke.

Alikuwa amempigia simu mtoto wao, Garrett, anayekaa Columbus, mwendo wa saa mbili kwa gari, naye hajatia mguu kwao tangu Sikukuu ya Shukrani ya mwaka juzi. "Mwanangu," alimwambia, "wanafunga Fernwold." Na Garrett, mtu mzima mwenye upara, akaanza kulia kwenye simu. Mama moyo ukamlainika. Alijua mwanawe ana moyo, ni shughuli tu zinambana.

"Siamini, Mama," Garrett akasema akivuta makamasi. "Pale kwenye mashine za michezo ndipo nilipombusu msichana kwa mara ya kwanza."

Bernadine aliitazama simu yake kana kwamba imemng'ata. Akamweleza tena habari za baba yake, za miguu, za mistari, za daktari. Garrett akaitikia "ndiyo Mama, ndiyo Mama," kisha akasema yeye na wenzake wana kundi mtandaoni, linaitwa Fernwold Milele, na siku ya mwisho watakuja wote kuaga.

"Basi njoo asubuhi," mama akamwambia. "Tembea na baba yako mzunguko mmoja. Mmoja tu, umwone anavyokwenda, halafu tukae tufikiri sote watatu."

"Nitakuja, Mama. Sikosi."

Hilo ndilo alilolishika, na hakumwambia mtu isipokuwa Opal Stricker, shoga yake wa mizunguko, mjane mwenye mdomo ambao Bernadine mwenyewe aliuheshimu.

Asubuhi hiyo walizunguka mara ya kwanza, Garrett hajaja. Mara ya pili, hajaja. Waombolezaji walikuwa wameshaanza kujaa, na mtu angelipa kiingilio kuwatazama. Walivaa nguo za ujana wao. Vifungo havifungi, zipu zimekataa, matumbo yamechungulia. Mwanamke mmoja alikuwa ametimua nywele zake juu kwa dawa ya kupulizia, kama walivyofanya enzi hizo, amekumbatia mlango wa chuma wa duka la viatu lililofungwa miaka sita iliyopita, analia kwa kwikwi.

"Shoga," Opal akauliza, "yule analilia nini?"

"Duka la viatu."

"Na hivyo alivyovaa kavinunua wapi?"

"Kwa simu. Wamemletea mlangoni kwenye boksi."

"Mungu amfariji," alisema Opal, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mwingine alikuwa akiinusa hewa karibu na kibanda kilichokuwa kikiuza mikate ya kusokotwa yenye chumvi, amefumba macho. Akamwambia Bernadine, bila kuulizwa, kwamba harufu bado ipo. Bernadine akamwambia hiyo ni harufu ya panya, kibanda kina mwaka wa tatu kimefungwa. Watu hawa, miaka yote ile wazee wakizunguka mle peke yao na taa zinazimwa moja baada ya moja, walikuwa wapi? Duka la vitambaa lilipofungwa, mwenye duka alisimama mlangoni wiki nzima akingoja mtu wa kumuaga. Alikuja Opal. Sasa leo, kila mmoja ana machozi ya ndoo.

Na kila kitu kilikuwa kinauzwa. Kampuni yenye jumba ilibandika vibandiko kwenye viti, kwenye miti ya plastiki, kwenye herufi za mlangoni, hata kwenye kiti cha Baba Krismasi. Mafundi walikuwa wameshaanza kung'oa vigae vyeusi upande wa mlango wa mashariki, wanavipanga kwenye masanduku, watu wanagombania. Bernadine hakuvitazama sana. Macho yake yalikuwa yanatafuta upara.

Mwishowe kibofu kikamzidi. Akamkalisha Delmar kwenye kiti kirefu cha mbao karibu na bwawa la chemchemi, lililokauka zamani na bado lina senti zimeota kutu chini yake. "Usiinuke hapo," akamwambia. "Garrett akija, mwambie aningoje na yeye."

"Nikiinuka nitakwenda wapi?" Delmar akasema. "Disko?"

Choo kilichofanya kazi kilikuwa kimoja tu, na foleni yake ndefu, imejaa wanawake wanaokumbushana majina ya wavulana. Bernadine na Opal walikaa humo mpaka Bernadine akakaribia kumpiga mtu. Walipotoka waliona umati umezunguka chemchemi. Watu wamenyamaza. Simu zimeinuliwa juu, nyingi. Na katikati ya ukimya ule, sauti ya mwanamume inatetemeka kwa hisia:

"Tazameni, jamani. Huyu ni baba yangu. Kila asubuhi ya uzee wake alikuwa hapa. Leo ni siku ya mwisho, na hawezi kuondoka. Miguu yake haitaki. Tazameni, haitaki."

Bernadine aliijua sauti ile kabla hajaifikia. Akasukuma watu kwa viwiko, akakanyaga vidole, akaingia katikati. Delmar alikuwa amesimama peke yake mbele ya bwawa, ameinama kidogo, mikono inatetemeka, machozi yanamtiririka. Mwanamke mwenye nywele zilizotimuliwa alikuwa ameweka mkono kifuani. Mtu akaanza kupiga makofi polepole, wengine wakafuata, makofi yakajaa jumba.

"Delmar," Bernadine akamwita sikioni. "Umenata?"

"Tangu karne iliyopita."

"Kwa nini hukukaa kitini?"

"Kiti kimenunuliwa, Bernie. Walikuja mtu na mkewe, watu wa adabu sana. Wakanishika makwapa, wakaniinua, wakanishukuru, wakaondoka nacho. Nikasema nikufuate. Nimefika hapa, mistari imekwisha."

Bernadine akatazama chini. Kweli. Pale mbele ya viatu vyeupe vya mumewe vigae vyeusi vilikuwa vimeng'olewa, imebaki saruji na gundi kavu, na zaidi ya hapo tena hivyohivyo, mpaka mlango wa mashariki. Akahisi damu inampanda kichwani.

"Mama!" Garrett alikuja akimkumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine haushushi simu. Alikuwa amevaa koti la timu ya shule, halimfiki kiunoni. Kwenye bega lake kulikuwa na mfuko wa turubai mzito, umemvuta upande. "Umeona Baba alivyoguswa? Watu elfu mbili wanatazama hivi sasa!"

"Ameguswa na nini?"

"Na... na yote haya, Mama. Na kumbukumbu."

"Baba yako amenata, mpumbavu wewe!"

Makofi yakakatika. Bernadine hakuwa amemwita mwanawe mpumbavu tangu alipojifungia kwenye jokofu bovu la kiwandani akiwa darasa la pili, lakini neno lilitoka bila taabu, linamjua mwenyewe.

"Miguu yake haitembei bila mistari," akasema. "Nimekwambia kwenye simu. Nimekwambia mara ngapi? Ulikuwa unasema ndiyo Mama, ndiyo Mama, ulikuwa unamwitikia nani? Amesimama hapa hajiwezi, anaona aibu mpaka analia, na wewe unamwonyesha watu kama tumbili!"

"Silii sana," alisema Delmar. "Na macho yenyewe yananiuma kwa vumbi la hawa mafundi."

Garrett alishusha simu. Akatazama miguu ya baba yake, akatazama saruji, halafu, pole kwa pole, akatazama mfuko wake.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Vigae, Mama. Sikung'oa mimi, wameng'oa mafundi. Mimi nimenunua tu. Nilitaka kuvipanga kwenye chumba cha chini nyumbani, kwenye baa yangu."

"Vitoe."

"Hapa? Watu wote hawa?"

"Si ndio uliowaita? Vitoe. Piga magoti, umtengenezee baba yako njia."

Opal, pale pembeni, akasema kwa upole wa uongo, "Na usisahau kuinua simu, mwanangu, elfu mbili wanangoja."

Garrett Kuchar, meneja wa bima, akapiga magoti. Akaweka kigae cha kwanza mbele ya viatu vya baba yake, kikalia kwenye saruji. Delmar akakitazama. Mguu wa kulia ukafikiri, ukainuka, ukaruka. Mtu kwenye umati akasema "Ah!" kama aliyeona kiini macho. Garrett akaweka cha pili. Mguu wa kushoto ukaruka. Akaweka cha tatu, cha nne, akapanga vyote vilivyokuwa mfukoni, na vilipokwisha akatambaa nyuma, akaokota vilivyopitwa, akaja mbele tena akipumua kama ng'ombe, vumbi la gundi limemjaa magotini.

"Sogeza kidogo kushoto, fundi," Delmar akasema. "Hapo umenipeleka ukutani."

"Samahani, Baba."

"Hujafanya kazi vizuri hivi tangu nilipokulipa uoshe gari."

Walikwenda hivyo kutoka chemchemi, wakapita duka la vitambaa, wakapita kibanda cha mikate, hadi mlangoni. Bernadine alimshika mumewe kiwiko na hakuwatazama watu. Baadhi yao walishusha simu kwa haya. Wengine hawakushusha, kwa sababu hiyo haya hawakuletewa kwenye boksi. Mlangoni vigae havikuhitajika. Maua yalikuwa yamelala pale kwa mistari, na Delmar aliyaruka yote mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka kwenye lami. Bernadine alisema angalau yamefaa kitu.

Kwenye maegesho Garrett alisimama, uso mwekundu, hajui mikono aiweke wapi.

"Sikujua, Mama."

"Ungejua vipi?" alisema Bernadine, akafungua mlango wa gari haraka.

Garrett aliwafuata nyumbani. Ni haki kulisema na hilo. Alikwenda kununua gundi, akavua lile koti, akalala kifudifudi kwenye ukumbi mrefu wa nyumba yao, ule utokao chumbani hadi jikoni, akaanza kubandika vigae, hatua kwa hatua, huku baba yake amekaa kitini anamtolea amri na matusi madogomadogo. Bernadine alipika kabichi na tambi kwa siagi, chakula alichokipenda Garrett utotoni, na akiwa amewapa mgongo alisikia wanacheka wote wawili kwa mpigo. Moyo wake ukatulia. Alifikiri, kumbe mtoto ninaye. Alifikiri, tutavuka majira haya ya baridi.

Garrett alipokwisha kuaga na gari limeshawashwa, Bernadine akapita ukumbini na sahani, akaona. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na nafasi tupu. Hatua moja bila mstari. Akatoka nje na viatu vya ndani, kwenye theluji, akagonga kioo cha gari.

"Vimepungua?"

"Hapana, Mama." Garrett alitazama usukani. "Kimoja nimekichukua. Kimoja tu, cha kumbukumbu. Nitaleta kitu cha kuzibia wiki ijayo."

Wiki ijayo! Theluji ikayeyuka, mvua zikaja, mbwa wa jirani akazaa, na wiki ijayo haijafika. Kilichofika ni boksi mlangoni, ndani yake mashine ya kukanda nyayo, na kadi iliyochapwa kiwandani. Opal alikuja na simu yake kumwonyesha shoga yake yanayoendelea kwenye Fernwold Milele. Kigae kilikuwa kimetiwa kwenye fremu, ukutani kwa Garrett, na taa ndogo juu yake, na chini pameandikwa kwamba nyumbani hakusahauliki. Watu walikuwa wametia mioyo myekundu isiyohesabika. Na ile picha ya Delmar mbele ya chemchemi nayo ilikuwa inazunguka, imetiwa muziki wa huzuni, imekatwa pale tu kabla Bernadine hajaingia.

"Angekuacha na wewe uonekane," Opal alisema, "ungemharibia msiba."

Delmar hakuacha kutembea. Kila asubuhi alivaa viatu vyake vyeupe, akashika njia ya ukumbini, kwenda na kurudi, Opal akija wanakuwa watatu na kahawa baadaye. Aliruka mstari, akaruka mwingine, na akifika pale karibu na jikoni miguu ilisimama. Bernadine akaja, akauweka mguu wake mbele ya wa mumewe, umelazwa upande, Delmar akauruka, safari ikaendelea. Ilikuwa hivyo kila siku, kwenda na kurudi.

Asubuhi moja Bernadine aliamka na hasira zake zote. Akafungua droo, akatoa tepu nyeusi ya mafundi umeme, akakata kipande kwa meno. Kazi ya dakika moja, na alishangaa kwa nini hakuifanya siku ileile. Akainama ukumbini, magoti yakilalamika. Delmar alikuwa amefika, amenata, anamtazama kutoka juu.

"Acha, Bernie."

"Niache nini?"

"Hiyo. Usiweke."

"Unataka kuvunja shingo?"

"Nikisimama hapa huwa namfikiria kidogo," alisema Delmar. "Halafu wewe unaleta mguu."

Bernadine alibaki ameinama na tepu yake. Akamtazama mumewe, mzee mzima, amesimama ukumbini kwake akingoja mtu asiyekuja. Lakini hakuwa mwanamke wa kulia mbele ya mtu, hata huyu.

"Na wewe sasa," akasema, "umekuwa kama wale wa maua."

"Labda."

Aliifinyanga tepu ikawa kidonge, akaitupa kwenye pipa la taka. Akajishika ukutani, akasimama, akaulaza mguu wake kwenye nafasi tupu, na kiatu cha ndani kilichotoboka kidole.

"Haya," akasema. "Ruka, kahawa inapoa."

Delmar akaruka.